Njia Anazokimbia Neema

Jumanne, 6 Januari

Kilomita sita na nusu. Kutoka anakokaa, chini hadi baharini, kisha kusini kando ya maji mpaka ufukweni, akageuka. Dakika arobaini na moja. Polepole kuliko juzi. Barafu, bila shaka. Jua halijachomoza kule tangu Novemba na msichana anakimbia.

Nami nilikimbia sita na nusu baada ya zamu. Mtaa wetu wa Ganshoren, kuzunguka basilika mara mbili, bustani, nyumbani. Dakika hamsini na tatu. Goti la kulia linalia kama mlango mkavu. Mvua. Mama mmoja kamwachia mbwa wake bila kamba, kaja kuninusa viatu. Nachukia mbwa. Nina sababu.

Sababu nimeiandika humu mara nyingi, naiandika tena maana hasira haijaisha. Neema, mwanangu wa pekee, mwaka wa tatu wa sheria, alifunga vitabu akaenda Tromsø, juu kabisa ya Norwe, kulisha mbwa wanaowakokota watalii kwenye theluji. Mbwa! Nilimwambia asinipigie simu mpaka awe wakili. Akanitii. Miezi kumi na tano sasa. Maishani mwake hajawahi kunitii namna hiyo.

Alhamisi, 8 Januari

Nane. Alivuka daraja kutoka kisiwani kwao kwenda bara na kurudi. Daraja lenyewe lina urefu wa zaidi ya kilomita, liko juu sana, na upepo wake nimeusoma: mita kumi na nne kwa sekunde. Nani anakimbia juu ya daraja Januari?

Hajui kwamba naona. Kila anapokimbia, ile app ya mbio inachora mstari mwekundu kwenye ramani, na ukurasa wake uko wazi kwa yeyote. Nilijiandikisha kama "Mkimbiaji wa Ganshoren", bila picha. Akikimbia nane, nami nane. Leo niliishia tano. Goti.

Humu nyumbani jina lake halitajwi. Niliamuru mwenyewe. Tatizo ni kwamba mke wangu ni Mama Neema, na kwa miaka ishirini na tatu sina jina lingine la kumwita. Kwa hiyo namwita "sikia". Anaitika akitaka. Kila Jumapili adhuhuri anafunga mlango wa jikoni na kuongea naye kwa simu saa nzima. Nasikia wanacheka. Siulizi. Sitauliza.

Jumamosi, 10 Januari

Nimegundua jambo la kuudhi. Katikati ya kisiwa chao kuna njia ndefu yenye taa kutoka mwanzo hadi mwisho. Tambarare kiasi, msituni, hakuna magari. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini mwanangu haipiti. Kumbe wakati wa theluji ni ya watu wa ski, wanaoteleza kwa mbao ndefu miguuni. Ukiikanyaga kwa viatu unaharibu mifereji yao na wanakugombeza. Taa zote zile, na mwanangu anakimbilia pembeni mwa barabara gizani.

Halafu nasoma kwamba mtaa wao wa maduka una mabomba ya joto chini ya lami. Wanapasha joto barabara! Hapa kwetu rejeta ya kupasha joto sebuleni imekufa tangu Novemba na mwenye nyumba anasema fundi anakuja.

Jumapili, 11 Januari

Kilomita mbili nukta tatu tu. Alianza saa tatu asubuhi. Alipanda kuelekea ziwa lililo juu ya kisiwa, na kwenye mteremko unaoliacha ziwa mstari ukakatika. Huwa unarudi mlangoni kwake. Leo haukurudi. Saa yake imeendelea kuhesabu dakika arobaini na mbili pale pale, bila kusogea hatua.

Nilicheka. Kasimama kupiga soga na mtu, kasahau kuzima saa. Wakili mtarajiwa huyo.

Mimi nilikimbia mbili nukta tatu. Sikutoka hata jasho.

Mke wangu alitoka jikoni mapema, macho mekundu. Akasema vitunguu. Sikuuliza.

Jumatatu, 12 Januari

Hakuna kitu. Labda amepumzika.

Kazini skrini kumi na mbili za kamera za ulinzi, kama kawaida. Milango, ngazi, maegesho. Naangalia watu wasiojua kwamba wanaangaliwa, nao hawanioni. Nalipwa kwa hilo, na watu wa ofisi za Schuman wanapita mbele yangu kama mimi ni hewa. Hewa ina sare na kitambulisho, haina jina.

Papa Ilunga, mwenzangu wa zamu, mtu wa Lubumbashi, aliniona nikifungua simu mara ya kumi. Anajua habari yote. Akasema, "Baba Neema, mutoto ni wako. Utabakia kumuchunga mu telefone kama kamera? Mupigie, quoi!" Nikamwambia aangalie skrini zake. Akasema, "Bon," akaangalia skrini zake. Nimemkasirikia mchana kutwa kwa sababu hakusema uongo.

Jumatano, 14 Januari

Hakuna.

Hajawahi kupitisha siku tatu. Hata alipohama nyumba alikimbia. Nami sikukimbia. Yeye asipokimbia mimi nakimbilia nini?

Leo nilimfokea mtu aliyeleta maua kwenye mlango usio wake. Maua tu. Mkuu wa zamu aliniita ofisini, akanionya kwa Kifaransa cha adabu, ambacho ni kibaya kuliko matusi.

Nyumbani mke wangu anapika, anakunja nguo, hasemi. Namtazama uso wake niusome kama ninavyosoma ramani. Hausomeki. Ingekuwa jambo baya angeniambia. Angeniambia.

Alhamisi, 15 Januari

Nimeuliza.

Nilisimama jikoni na koti langu bado lina maji nikasema: Neema yuko wapi? Miezi kumi na tano jina hilo halijatoka kinywani mwangu. Lilitoka kwa sauti ya juu mno, kama ninamgombeza mtu.

Mke wangu aliweka mwiko chini. Kavunjika kifundo cha mguu, akasema. Jumapili, kwenye barafu, mahali penye mteremko. Alilala pale chini mpaka mtu wa ski alipompitia. Wamempasua jioni ile ile, wameweka kipande cha chuma na skrubu. Yuko nyumbani kwake, rafiki yake anamsaidia.

Nikapiga kelele. Siku nne! Siku nne hukuniambia! Yeye hakupandisha sauti hata kidogo. "Wewe ndiye uliyesema jina lake lisitajwe humu ndani. Halikutajwa." Akachukua mwiko, akaendelea kukaanga.

Dakika arobaini na mbili. Kumbe hakuwa akipiga soga. Alikuwa chini kwenye theluji, na mimi nilizihesabu, nikacheka, nikanywa chai. Kazini ukiona mtu kaanguka kwenye skrini ukanywa chai, unafukuzwa siku hiyo hiyo. Na ni haki.

Sijawahi kukasirika hivi, na sina wa kumkasirikia.

Ijumaa, 16 Januari

Nilimpigia Neema kutoka chumba cha kubadilishia nguo cha kazini. Papa Ilunga alishika skrini zangu bila kuulizwa.

Alisema shikamoo. Sauti imekomaa. Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea. Nikauliza maumivu, akasema yanavumilika. Nikauliza chakula. Halafu nikasema asipite tena ule mteremko wa juu ya ziwa, apite njia ya baharini, hata kama ni ndefu zaidi.

Akaniuliza: "Baba, umejuaje kuhusu ziwa?"

Kudanganya nimeshindwa. Nilimweleza. Akasema, "Mais Baba, mwaka mzima na zaidi ulikuwa unaniona kila siku, na hukuniandikia hata neno moja?" Nikajibu kwamba ukurasa uko wazi kwa yeyote. Jibu la kijinga kuliko yote niliyowahi kutoa. Akakata simu.

Ana hasira zangu. Kila mtu husema hivyo, na leo nimezisikia kutoka upande wa pili. Hazipendezi.

Jumamosi, 17 Januari

Kafunga ukurasa. Daraja, ziwa, ufukwe, vyote vimeondoka. Imebaki picha ya kufuli na kitufe cha kuomba ruhusa. Sikukibonyeza. Nilitupa simu kwenye kochi, ikadunda, ikaanguka, haikuvunjika. Hata hiyo iliniudhi.

Nikatoka bila simu wala saa. Sijui nilikimbia kilomita ngapi. Mpaka basilika nilikuwa nimemkasirikia Neema. Kutoka basilika mpaka kwenye vinamasi nilimkasirikia mama yake. Baada ya hapo wa kuwakasirikia walikwisha, nikabaki mimi tu, na njia ya kurudi ilikuwa ndefu.

Jumapili, 18 Januari

Leo mlango wa jikoni haukufungwa. Mke wangu hakuniita. Aliweka simu mezani kando ya bakuli la mchele, akafungua spika, akaendelea kuchambua.

Nikaingia. Nikasema, "Mama Neema, naomba niongee naye." Akasogeza kiti kwa mguu.

Nilimwambia Neema pole ya mguu. Nikamwambia yale maneno ya kutonipigia mpaka awe wakili yalikuwa upumbavu na niliyajua ni upumbavu wiki ile ile, na nikaona ni rahisi zaidi kununua viatu vya mbio kuliko kuyarudisha. Nikamwambia kuhusu dakika arobaini na mbili. Hilo sikutaka kulisema. Nililisema.

Nilisikia mbwa upande wake. "Bado nimekasirika," akasema.

Nikamwambia ana haki, akasirike kadiri apendavyo, ila asikate simu. Hakukata mpaka mama yake alipomaliza mchele.

Jumapili, 25 Januari

Simu yangu iliita saa nane mchana. Alipiga yeye.

Sikugusia ukurasa. Nilimuuliza tu kama ametoka nje. Ametoka. Mara ya kwanza peke yake. Ngazi tatu za mlangoni alizishuka kwa kukaa. Halafu kushoto, kando ya ua wa jirani, ambaye amemwaga changarawe njiani ili asiteleze. Magongo yake ya kutembelea yana meno ya chuma chini. Mpaka kwenye sanduku la barua pembeni mwa barabara. Akapumzika pale. Jua liligusa paa la nyumba ya mbele kwa dakika chache, akasubiri liondoke. Kisha akarudi.

Mita mia mbili, anakadiria. Nusu saa pamoja na mapumziko.

Nilimwomba arudie polepole, niandike. Akarudia.