Maji Yalikokuwa Yakienda

Athumani ndugu yangu,

Nimekosa mazishi yako. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza, kisha ungenicheka kabla sijajibu.

Habari ilitufikia hapa shambani Njoro asubuhi, kwamba umefariki alfajiri nyumbani kwako Bondeni na utazikwa baada ya sala ya adhuhuri. Bwana mwenye shamba akanipa pikapu yake, tena bila kunung'unika. Nikavaa koti langu la harusi, ambalo siku hizi halifungi hata kifungo kimoja. Nusu ya njia, sindano ya joto ikapanda, mvuke ukatoka chini ya boneti, injini ikazima. Fundi mzima, kazini miaka kumi na mitano, nimesimama kando ya barabara, sina hata chupa ya maji. Nikaomba kwa mama mmoja aliyekuwa akipalilia viazi, akanipa kwenye kibuyu, nikangoja rejeta ipoe. Nilipofika makaburini Nakuru watu walikuwa wakikung'uta udongo mikononi. Sikujua hata kichwa chako kimelala upande gani. Nikauliza. Nikaonyeshwa.

Kesho yake Bwana alifungua boneti mbele ya watu wote wa karakana, akasema, "Kazi ya Athumani hii. Miaka yote hii nilidhani ni fundi."

Watu wakainama. Na mimi nikainama. Gari lilikuwa likimaliza maji na hakuna aliyejua yanakwenda wapi, na ni wewe uliyekuwa ukilitunza mpaka wiki ile ulipolala kwa ugonjwa. Niliapa moyoni tu kwamba nitayatafuta hayo maji, jina lako lisibaki pale.

Nikatafuta kwa mtindo wangu, ule uliosema ni wa kuwinda panya kwa rungu. Nikatandaza magunia chini ya injini. Asubuhi yalikuwa makavu. Mipira ya rejeta mikavu. Pampu kavu. Nikachomoa kijiti cha mafuta nikitegemea kuona mafuta yaliyoingia maji, mfano wa chai ya maziwa. Mafuta yalikuwa safi. Kiprono wa trekta akasema nitie mayai kwenye rejeta, yataziba popote panapovuja. Nikatia mawili. Nyamaza tu. Gari lilinuka kama hoteli siku mbili, na maji yakaendelea kupungua.

Ndipo nikakumbuka ulivyozoea kunigombeza: "Wekesa, unalitumbulia macho gari kama mchumba. Lisikilize. Linuse." Asubuhi ya baridi nikaliwasha, nikaenda kusimama nyuma yake. Mvuke mweupe, mzito, na haukukoma hata injini ilipopata moto. Nikalizima, nikafungua plagi. Tatu zilikuwa nyeusi. Ile ya silinda ya nyuma kabisa ilikuwa imetakata kama kijiko kilichooshwa. Nikazirudisha, nikangoja rejeta ipoe, nikaifungua mdomo, nikawasha tena: mapovu. Maji yalikuwa yakiingia kwenye silinda na kutokea bomba la moshi. Gasketi ya hedi imeungua, haizibi tena. Nilifurahi kama mtoto, Athumani. Gasketi huungua, si kosa la mtu.

Kisha nikaanza kufungua bolti za hedi. Za mbele zilinitoa jasho. Mbili za nyuma zilifunguka kwa spana fupi, kwa mkono mmoja. Nikakaa chini.

Hizo bolti hukuzikaza wewe. Ni ile siku kabla ya mvua, kifua kilipokubana ukaenda kulala mchana, injini ikiwa wazi. Bwana alitaka kwenda Nairobi. Nikafunga hedi peke yangu. Wewe ulinifundisha kuanza katikati na kutoka nje, kidogo kidogo, kama mtu anayetandika shuka. Mimi nilianza mbele nikaenda nyuma kama anayefunga shati, na nilipofika mwisho Bwana alikuwa ameshaniuliza mara tatu kama nimemaliza. Bolti zilitakiwa zikazwe tena injini ikishapata moto na kupoa. Jioni uliniuliza. Nikakuambia nimekaza.

Lakini hiyo ilikuwa miezi mitano nyuma. Mbona gari halikuwahi kuchemka hata siku moja?

Nikaenda Bondeni kwa mkeo. Yumo edani, akazungumza nami akiwa nyuma ya pazia. "Shemeji," akasema, "alikuwa akiamka kabla yenu huko shambani, kutia maji. Nilimwambia, 'Mwambie Wekesa.' Akasema, 'Huyo akijua atakimbilia kwa Bwana kujishtaki, afukuzwe. Nikipata nguvu ya kunyanyua ile hedi tutaifungua pamoja, nitamwambia gasketi ilizeeka.'"

Miezi mitano. Na kikohozi kile, na umande ule, unabeba debe.

Niliweka gasketi mpya. Nilianza katikati. Nikaipa injini moto, nikaiacha ipoe, nikakaza tena. Wiki nzima maji hayakushuka hata upana wa kidole. Jumatatu nikamwambia Bwana kwamba kosa ni langu, mbele ya watu walewale, maana alikusema mbele yao. Kiprono akauliza, "Sasa mayai yangu yalikuwa na kosa gani?" Watu wakacheka. Bwana hakucheka. Alivua kofia, akasema alikukosea, akasema nimfikishie mkeo maneno hayo. Kisha akanitoa karakana. Siku hizi niko kwenye tanuri la kukaushia maua ya pareto, napiga chafya kutwa.

Si adhabu kubwa. Ningekubali hata kufukuzwa kabisa, kama ningepewa asubuhi moja tu ya kuamka kabla yako, nikunyang'anye lile debe, nikuambie rudi ulale, nimejua.

Mkeo anajua tayari kwamba jina lako limesafishwa. Alilia, kisha akasema ungekasirika.

Kasirika basi. Pumzika, ndugu yangu, huna zamu tena. Nami nakuahidi hivi: nikikosea kazi, na nitakosea, unanijua, nitasema siku hiyohiyo, kabla mtu mwingine hajaanza kunibebea.

Wako,
Wekesa