Bangili Nyeusi za Wembere

Kambi ya uchimbaji, Wembere
3 Juni 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umzima, na vumbi la Itigi limekionea huruma kifua chako. Mimi na kaka Gerald hatujambo. Simu huku hazishiki, kwa hiyo barua zangu atazipeleka Calist, dereva wa lori la chakula, mpaka stendi ya Singida.

Kazi ya ukarani wa stoo si ngumu. Nagawa glavu, waya na boliti. Gerald yuko juu ya mnara, anafunga na kufungua mabomba ya kuchimbia. Wanatafuta mafuta. Mpaka sasa wamepata matope na harufu ya mayai viza.

Nina jambo moja. Bangili ya shaba aliyoniachia mama imekuwa nyeusi. Naisugua kwa majivu na ndimu, baada ya siku chache inarudi vile vile. Ya Gerald pia. Wanawake wa jikoni nao ni hivyo hivyo, na kila Jumamosi tunakaa karoni tunasugua pamoja. Hajira mpishi anasema tuna damu chungu. Gerald anamjibu kwamba ni maharage yake. Wewe unasemaje?

Mwanao,
Elina


Itigi
14 Juni 2025

Mwanangu Elina,

Marahaba. Kifua kinanipa nafuu, na asali ya msimu huu si haba. Mama yenu mdogo Evodia anawasalimu.

Kuhusu bangili. Kwetu, bangili ya marehemu ikiwa nyeusi mkononi, mwenyewe amenuna. Bibi yako alituambia hivyo. Mimi ni mzee wa kanisa, lakini siwezi kusema alikosea. Mmegombana? Kaeni, mle sahani moja, muombane radhi, kisha zisugueni zing'ae. Usitembee nayo ikiwa chafu. Watu watasema mama yenu hakuacha watoto.

Baba yako


Wembere
27 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Pole na kazi. Sisi tuzima.

Tumekula sahani moja. Gerald aliniomba radhi kwa makosa yote, hata yale ambayo, alisema, bado hajayafanya. Tukasugua. Zimekuwa nyeusi tena.

Baba, nisamehe, lakini sidhani kama ni mama. Juzi nilifungua waya mpya wa shaba uliokuwa rafuni. Haujavaliwa na mtu wala haujui ugomvi wetu. Nao umekuwa mweusi.

Ndipo nikakumbuka kemia ya kidato cha sita. Iko gesi inaitwa haidrojeni salfaidi, inatoka ardhini pamoja na mafuta. Ndiyo yenye harufu ya mayai viza. Shaba inaifanya nyeusi. Chuma kigumu inakiingia ndani na kukipasua, kikiwa bado kinang'aa, bila kutu ya kukuonya. Nilimwuliza msimamizi, Bwana Abraham.

"Hayo mayai unayasikia leo?" akaniuliza.

"Siku hizi hapana."

"Basi yamekwisha."

Hayajaisha, Baba. Gesi hiyo huitia pua ganzi. Kengele ya kuipima waliizima kwa sababu ilikuwa inalia kila mara na kuwakatiza kazi.

Nimemwomba Gerald aondoke. Anacheka: "Karani, pua yako ina digrii." Anasema akiondoka wataniona mimi ndiye mwanamume wa familia. Hatanisikia. Wewe hakubishii. Tafadhali mwandikie kwamba unaumwa. Atakuja mara moja.

Mwanao,
Elina


Itigi
8 Julai 2025

Elina,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara nyingi.

Siwezi. Mtu hajitangazii ugonjwa. Anayejiita mgonjwa anauita uje, na hilo unalijua, umekulia nyumbani kwangu. Tena ni uongo. Nikishauandika, Jumapili nitasimamaje mbele ya watu?

Wewe ndiye uliyesoma. Nenda kwa mkubwa wa kambi, umweleze kama ulivyonieleza mimi.

Baba yako


Wembere
17 Julai 2025

Baba,

Shikamoo.

Nilikwenda kwa meneja. Nilifika mpaka mlangoni, akainua macho, nikamwuliza kama anahitaji kalamu. Akasema anazo. Nikarudi stoo.

Leo Gerald ameleta boliti iliyokatika ili nimpe nyingine. Haina kutu hata kidogo. Imekatika kama chaki. Nimempa nyingine, kutoka sanduku lile lile.

Andika, Baba.

Elina


Itigi
24 Julai 2025

Elina,

Karatasi iliyokunjwa humu ni ya kaka yako. Mpe. Mungu anisamehe.

*Gerald mwanangu, nimeanguka. Njoo.*

Baba yenu


Wembere
7 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini Gerald amefika salama. Najua amekukuta umzima, na najua amekasirika. Mwache akasirike.

Aliondoka Ijumaa na lori la Calist. Jumatatu walikuwa wanavuta mabomba kutoka kisimani, moja likakatika shingoni, penye kiungo. Kipande cha juu kiliruka kikampiga Edward, kijana wa Mandewa. Alikuwa mapumziko kwao, akaitwa arudi kushika nafasi ya Gerald. Amefariki pale pale.

Asubuhi hiyo nilimpa glavu mimi. Alisema, "Karani, nipe zile za Gerald, zimeshaijua kazi." Nikampa.

Nililiona bomba. Ndani ya mpasuko ni safi, linang'aa.

Silii, Baba. Nakula, nalala, nagawa vifaa. Jana nimeandika barua kwa wazazi wake kwa niaba ya kampuni. Niliiandika vizuri, bila kosa hata moja.

Mwanao,
Elina


Itigi
13 Agosti 2025

Mwanangu,

Marahaba. Pole sana.

Mimi na Gerald tulikwenda Mandewa msibani. Tulikaa na wanaume nje. Mama wa marehemu akasikia kwamba yupo mtu wa kutoka kambini, akatoka, wanawake wawili wamemshika. Akamwuliza Gerald, "Ni wewe uliyekuwa na mzazi mgonjwa? Mzee wako anaendeleaje?"

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nikasema, "Ni mimi, mama. Sijambo sasa."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru Mungu.

Tangu tumerudi Gerald hajanisemesha. Ananiwekea chakula na kuondoka. Ule mkono bado nauona kama si wangu.

Elina, mambo ya bibi yako yaache. Bangili hiyo usiisugue tena.

Baba yako


Wembere
20 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Kula, hata kidogo.

Kesho wanakuja wakaguzi. Bwana Abraham amepita kutukumbusha tuwe nadhifu. Akaitazama bangili yangu akasema, "Karani, hiyo nayo ipige majivu, wageni wasituone wachafu."

Jumamosi hii hatukukaa karoni. Niliwaambia Hajira na wenzake kila kitu, tangu waya wa rafuni mpaka boliti. Hajira akauliza, "Na Edward ulimwambia?" Nikasema hapana. Akavaa bangili zake zikiwa vile vile, nyeusi, na wenzake wakavaa.

Nitakwenda tena mpaka mlangoni kwa meneja, mbele ya hao wageni. Sijui kama sauti itatoka. Isipotoka, nitauweka mkono mezani.

Harufu bado siisikii. Msalimie Gerald, hata asipoitikia.

Mwanao,
Elina