Mkono wa Mama

Jumapili

Mpaka saa hizi ni Mama tu amenipigia.

Miaka yote nikiweka maombi ya asubuhi kwa blogu yangu, watu wa kanisa walinijazia "Amina". Wiki hii niliamua blogu iunganishe kanisa na utamaduni wetu, nikaanza na kilumi, ngoma ya wamama wa Kikamba ambayo zamani ilipigwa kuita pepo. Niliuliza tu kama hatuwezi kumsifu Mungu nayo. Leo baada ya ibada nilisimama mlangoni nikingoja mtu anisemeshe. Hata wanakwaya wenzangu walinitikisia kichwa wakapita. Afadhali wangenitukana.

Jioni Mama akapiga kutoka kijijini Kalama. "Kwani umeandika nini? Mke wa pasta wetu huku ameisoma, leo amekataa mkono wangu."

Nikamwambia nitaifuta hiyo makala. Mimi naweza kuvumilia, lakini yeye kanisa ndilo maisha yake.

Halafu akasema, "Mimi nilikuwa napiga hiyo kilumi. Nilipookoka, watu wa kanisa wakaniambia nichome ngoma. Nikachoma."

Sikujua. Amenilea, na sikujua.

"Sasa nifute, Mama?"

Nilisikia vidole vyake vikigonga meza, polepole, kisha kwa kasi, mpaka mdundo ukashika. Nikaweka simu kwa spika, nikaketi nayo hapa sebuleni peke yangu. Ghafla akaacha.

"Hii usiandike," akasema, akakata.

Sijafuta kitu. Na hii nimeiandika hapa kwa daftari tu, mahali hakuna mtu wa kusema amina.