Hati ya Hisa Uliyomwachia Baba Mdogo

Baba,

Tumeshinda kesi, lakini mchana huu nimekaa ndani na komeo nimelitia.

Unakumbuka kiwanda cha chai kilipobinafsishwa, ukanunua hisa, ukarudi na hati umeificha ndani ya koti isilowe mvua? "Na sisi wakulima tuna kiwanda," ukasema, ukacheka peke yako. Ulipozidiwa ukampa Baba mdogo Asajile ile hati. Baada ya matanga nikaiomba. Akasema ulimpa kabisa, hisa ni zake.

Nikiwa msimamizi wa mirathi, nikafungua kesi. Baba mdogo akanisimamisha njiani pale Kawetele, akasema taratibu, "Atupele, mtoto anayemshtaki baba yake, siku yake atazikwa na nani?" Wiki ile ile mwanangu akashikwa na homa. Nilitaka kuifuta kesi, Baba. Nilitaka sana.

Mahakamani hakimu aliniambia mimi ndiye ninayedai, kwa hiyo ni juu yangu kuthibitisha. Hati sikuwa nayo. Shahidi wangu alikuwa karani wa kiwanda tu. Akaeleza kwamba jina lako bado limo katika daftari la wanahisa, na hukusaini popote kumhamishia mtu. Hapo hakimu akamgeukia Baba mdogo. "Kushika hati si kumiliki hisa. Sasa ni juu yako kuonyesha kwamba marehemu alikupa ziwe zako."

Baba mdogo akajibu kuwa shahidi anaye. Akamtaja Mama.

Unajua Mama hajawahi kumpinga shemeji yake. Alishika Biblia, akaapa bila kumtazama mtu. "Alimpa, nilikuwepo," akasema. Nikafumba macho. Kisha Mama akaongeza, "Alimwambia, nitunzie mpaka nipone. Basi, mheshimiwa. Hakumwambia chukua."

Siku ya hukumu Baba mdogo aliiweka hati mezani, akampita Mama bila salamu. Tangu hapo Mama haendi shambani. Mimi nikisikia mtu anapita nje nanyamaza, na mwanangu akikohoa tu nayasikia yale maneno ya njiani. Ungekuwepo ungenicheka kwanza, halafu ungekaa nami.

Hisa sitaziuza, Baba, na Mama hatanyimwa chake nikiwa hai. Kesho ni zamu yetu ya kuchuma chai. Naogopa, lakini nitatangulia mimi, Mama atafuata nyuma yangu.

Pumzika, Baba. Ndaga, asante kwa yote.

Mwanao,
Atupele