Arobaini ya Bi Mwanaisha

Ngamiani, Tanga

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Na baridi ya Mbinga, imepungua? Huku sote wazima. Mjukuu wako Agata ananenepa tu, na joto hili la Tanga anadhani ndiyo dunia yenyewe.

Mama, juzijuzi nilipokwambia kwenye simu kwamba hatuji mpaka Krismasi, kwa sababu narudi kiwandani kusokota kamba za mkonge, ulinyamaza. Ukimya wako uliniuma sana. Lakini ningefanyaje? Huku mzazi hukaa ndani siku arobaini. Bi Mwanaisha, mama mwenye nyumba, alinikanda kwa maji ya moto na kuninywesha uji wa pilipili manga mpaka machozi yakanitoka. Arobaini ikatimia, mtoto akanyolewa, tukala pilau. Nikajua na likizo imeisha. Kiwandani wote tunahesabu hivyo. Waliojifungua kabla yangu walirudi kesho ya arobaini yao, na hakuna aliyewaambia neno.

Asubuhi nikamwacha Agata kwa Bi Mwanaisha, nikaenda nalia njia nzima kama mimi ndiye mtoto. Getini nikakutana na afisa utumishi mpya, Bwana Mhina. Akaniuliza nimefuata nini. Nikajitetea kwamba nimewahi, wasinifukuze kazi, Bi Mwanaisha amenitoa arobaini jana. Alicheka mpaka akashika geti.

"Dada, arobaini ni ya Bi Mwanaisha," akasema. "Sheria inakupa siku themanini na nne, na mshahara wako unaingia kama kawaida. Ukishika kamba leo, wa kushtakiwa ni sisi. Rudi ukanyonyeshe."

Nikarudi kunyonyesha. Sikuamini mpaka jana, mwisho wa mwezi, mshahara ulipoingia wote. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Wenzangu wajawazito sasa wanatembea vifua mbele. Bi Mwanaisha tu ndiye kanuna kidogo. Anasema hiyo sheria ingemuuliza yeye kwanza.

Msalimie kaka Festo, asithubutu kumuuza yule jogoo mwekundu. Msalimie shangazi Odilia, kiongozi wetu wa kwaya, na jirani Mama Tumaini aliyemfumia mtoto kofia. Atakuja kuivaa hukohuko kwenye baridi.

Barua hii usiijibu, Mama. Naipakia kwenye basi leo, nasi tunapanda Jumamosi. Na ukitaka kuninyamazia tena, ninyamazie ukiwa umempakata Agata.

Mwanao,
Consolata