Ngamia wa Eedo Weris na Simu ya Karatasi

Jumatatu, 3 Februari 2025

Kazi mpya! Naandika kwa Kiswahili ili Mama akilifungua daftari hili aone kuku amechakura tu.

Kampuni moja ya Nairobi inatengeneza app ya baadi, yaani mifugo iliyopotea. App yenyewe bado haipo. Kuna karatasi tu! Kila skrini imechorwa kwenye karatasi yake, mtu wa sokoni anaibonyeza kwa kidole. Mimi ndiye mashine: akibonyeza, naondoa hii naweka nyingine. Mwenzangu Guleid anakaa pembeni, anaandika mtu amekwama wapi. Bosi wetu Mutheu amesisitiza kwa simu: mashine haisaidii, mashine haicheki, na karatasi hazitoki chumba cha majaribio. Watu kumi na tano, ripoti Jumatatu ijayo. Ikimridhisha, kandarasi ya mwaka mzima. Isipomridhisha, narudi kupima vitambaa dukani kwa mjomba.

Wa kwanza, mzee Gelle. Akaitolea karatasi salamu — asalaam aleikum — akangoja. Mashine haiongei! Lakini kuacha kuitikia salamu, na Mungu ananiona? Nikaitikia. Guleid akaandika: mfumo una adabu.

Jumanne, 4 Februari

Eedo Weris, muuza maziwa ya ngamia. Si shangazi yangu wa damu, ila namwita eedo, naye ananiita eedo vilevile, ndivyo tulivyo. Kila mtu tunamwambia ajifanye amepotelewa na ngamia. Yeye hakujifanya. Amepotelewa kweli! Jike, ana mimba, karibu azae, haonekani tangu Alhamisi, upande wa barabara ya Modogashe.

Skrini ya rangi ina viduara vinne. Akacheka. "Hii ni rangi ya kitambaa, eedo, si ya ngamia." Akaninyang'anya kalamu akachora mwenyewe: chapa ya ukoo shingoni, sikio la kushoto limekatwa ncha. Akabonyeza TUMA hadi karatasi ikachanika. Nikaweka ya mwisho: Tangazo limetumwa. Tunatafuta.

Alhamdulillahi, akasema, akatumiminia maziwa. Guleid akanipiga teke chini ya meza: mwambie ni majaribio! Nilimwambia mwanzoni. Na maziwa yalikuwa matamu. Nikanywa.

Jumatano, 5 Februari

Siku ya soko. Watu saba! Mmoja alitelezesha kidole kwa nguvu, skrini ikaruka nje ya mlango, mbuzi akaila. Guleid: data imepotea. Mwingine akaitazama betri niliyoichora. Asilimia mia tangu asubuhi? Anaitaka simu hiyo, inauzwa wapi.

Kisha Eedo Weris. Simu imejibu? Hapo shetani akanipanda. Nikachora kile kiduara cha kusubiri, nikakizungusha mezani kwa mkono, taratibu, uso nimeukaza. Akakitazama weee. Sawa, akasema, itafute. Akaenda. Tulicheka hadi Guleid akajifuta machozi kwa fomu ya ridhaa.

Alhamisi, 6 Februari

Leo sicheki.

Nimekutana na Kaaha, binti wa Eedo. Kaka yake Salat amerudi mjini tangu juzi. Alikuwa nyikani siku tano, anafuata nyayo, mama yao akamwita nyumbani: pumzika, Idman anatafuta kwa mashine. Idman ndiye mimi! Siku mbili! Na upepo huu wa kiangazi, nyayo gani zitabaki? Yule jike atazalia popote, na fisi wamejaa huko. Mimi nazungusha karatasi.

Aibu imenishika hadi masikio yakawaka moto. Nikaenda kwa Eedo nikamwambie. Akanipa chai. Nikanywa. Nikaaga. Mwoga mkubwa!

Basi nikaiba. Ile karatasi yake iliyochanika nimeitoa chumbani, fotokopi arobaini. Guleid akasema tutafukuzwa kazi, kisha akakaa akaandika namba yangu chini ya kila moja, kwa mwandiko wake mzuri. Tumewapa madereva wa malori ya Modogashe, Dadaab na Wajir, na akina mama wote wa maziwa.

Ijumaa, 7 Februari

Hakuna kitu. Mutheu ameuliza ripoti imefika wapi. Nimesema iko njiani.

Jumapili, 9 Februari

Saa nne asubuhi, namba ngeni. Mwanamume, na upepo mwingi nyuma yake. Yuko kisimani, dereva wa lori amemletea karatasi. Ana jike — chapa ile, sikio lile! Nikapiga kelele. Akanituliza: polepole, binti. Karatasi hii kila mtu ameiona, hata mwizi. Mwenye ngamia amwambie alama moja ambayo haimo. Ndivyo baadi inavyorudishwa tangu enzi za mababu. Na sisi tulichora skrini kumi na moja tukalisahau hilo!

Nikakimbia kwa Eedo, yule mtu bado yuko hewani. Nikatapika yote: ni karatasi tu, eedo, hakuna kilichotumwa, mashine ilikuwa mimi.

Akaniangalia. "Nina macho, eedo. Najua karatasi ni karatasi. Wewe ulisema unatafuta. Nilishika neno lako."

Heri angenipiga.

Akaichukua simu, akanipa kisogo, akanong'ona hiyo alama. Si haki yangu kuisikia. Jibu nililisikia: ngoja nikamtazame vizuri, msikate.

Eedo akangoja. Ndipo Mutheu akapiga — Jumapili! Eedo akaona rangi mbili kwenye skrini, akabonyeza ya kijani kabla sijafungua mdomo. Sasa yule mtu amewekwa pembeni huko ndani ya simu, pengine jibu analo tayari, na Eedo yuko na Mutheu. Nimeashiria. Nimerukaruka. Ameniinulia kiganja: kaa. Mkubwa hapokonywi simu. Nimekaa juu ya jerikani mlangoni kwake, naandika ili mikono yangu isifanye ujinga mwingine. Eedo anamwambia Mutheu kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Wewe ndio mkubwa ya Idman? Sikiza. Karatasi yenu iko fizuri, lakini iko na makosa sita. Hii binti nayo iko mwongo kidogo, hiyo mimi nitamaliza na yeye hapa. Ya kwanza, rangi. Ya bili..."

Anahesabu kwa vidole. Na Mutheu, namsikia kutoka hapa, anasema: ngoja kidogo, mama, nichukue kalamu.