Kofia Tatu Nyuma ya Kioo

Tarehe 4 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepata nafuu, na kwamba mikono yako bado inakata vioo bila vioo kuikata. Mimi ni mzima. Wanafunzi wangu wa uchoraji wananichosha, lakini ndiyo kazi.

Nakutumia picha yangu ya kwanza ya rangi za mafuta. Ni dirisha la duka moja hapa mjini: kofia tatu, glavu za kijivu na birika la shaba. Asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, vitu hivi huonekana kana kwamba vinaelea majini, vikiwaota watu watakaovinunua. Niambie ukweli, usinionee haya.

Mwanao.

Tarehe 29 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Kifua kinakohoa, mwenyewe nipo.

Picha nimeiegemeza ukutani mwa karakana, na wateja wanasahau walichofuata. Mmoja aliuliza bei ya kofia ya katikati. Nikamjibu, "Ingiza mkono uichukue, bwana!"

Ila mimi ni fundi vioo mwaka wa arobaini huu, na hapa hunidanganyi. Kofia umezichora, kioo hukukichora. Ukisimama nje asubuhi, kioo hubeba barabara, anga na anayetazama. Wewe uko wapi? Miaka sita sijakutia machoni. Chora upya, mwanangu.

Baba yako.

Tarehe 17 Julai

Baba,

Shikamoo. Niwie radhi kwa ukimya. Haukuwa wa kiburi. Kila niliposhika brashi niliiweka chini, kwa kuwa kioo kile nikikichora kwa haki, utaona kilichomo.

Hii hapa. Kofia ni zile zile, na juu yake, mwepesi kama mvuke, nimo mimi: aproni iliyolowa, ndoo, na mkononi mpira wa kupangusia vioo. Sina wanafunzi, Baba. Sijapata kuwa nao. Naosha madirisha ya maduka, thelathini kila asubuhi, na hapo ndipo nilipojifunza kutazama. Nilikwambia mimi ni mwalimu, ukawatangazia majirani, nikakosa njia ya kurudi nyuma.

Mwanao, ukipenda kuniita hivyo bado.

Tarehe 30 Agosti

Baba,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Wiki ya saba hii, na tarishi ananipita mlangoni akitazama viatu vyake. Sikulaumu. Naomba tu, picha usiitupe.

Mimi.

Tarehe 12 Septemba, juu ya meza

Baba,

Umelala fofofo, na safari ya siku mbili si mchezo, kwa hiyo sikukuamsha. Chai imo kwenye chupa, mkate umefunikwa kwa kitambaa.

Jana ulipobisha mlangoni kwangu, hata maji hujanywa, ukaniuliza kioo naanza kukipangusa juu au chini. Niliposema chini ukashika kichwa: "Mwanangu mimi, wa kwangu mwenyewe, chini!"

Toka, pinda kulia, hesabu milango tisa. Leo naanzia juu. Njoo ukague.

Mwanao, mwosha madirisha.